Maswali yenu: Eti mbio za magari za Marekani zilianzia kwenye gongo?

Mhariri habari za kazi. Mimi ni fundi magari hapa Nyakato, mwaka wa tisa sasa. Vijana wangu kazi zikipungua wanaangalia kwenye simu mbio za NASCAR za kule Marekani, mmoja anakomaa kwamba zilianzishwa na wauza gongo. Nimemwambia aache uongo. Nani yuko sahihi? (Fundi, Nyakato)

Fundi wangu, hapo kijana ana hoja. Miaka ya 1930 na 1940 kusini mwa Marekani, upande wa Carolina na Georgia, watu walikuwa wanapika gongo yao porini halafu lazima ifike mjini usiku bila kukutana na watu wa kodi, kwahiyo wanachukua Ford V8 ya kawaida, kwa nje imetulia hata hugeuki kuiangalia, ila injini imechezewa haswa. Siku ya mapumziko wanabishana nani ana gari kali, wanaenda shambani wanachora duara, wanamaliza ubishi. Ila wapo waliokuja kwa njia zao, mfano Bill France, yeye alikuwa fundi mwenye kituo cha mafuta, ndiye aliyewakusanya wenzake hotelini Daytona Beach Desemba 1947, na NASCAR ikasajiliwa Februari 1948.

Sasa nikupe kisa cha fundi kwa fundi. 19 Juni 1949, uwanja wa udongo Charlotte, mashindano ya kwanza ya NASCAR ya magari "stoku", maana yake gari liwe vile vile lilivyotoka dukani, usiguse kitu. Mzunguko mmoja kama kilomita 1.2, wanazunguka mara 200, ni kama kutoka hapa Mwanza mpaka Musoma na zaidi kidogo, kwenye vumbi, milango wameifunga kwa mikanda isifunguke kwenye kona! Akamaliza wa kwanza Glenn Dunaway na Ford ya 1947. Gari likaingia kwenye ukaguzi, wakachungulia chini, wakakuta springi za nyuma zimekazwa kwa chuma. Ule ulikuwa mtindo wa wabeba gongo, maana gari ikibeba mzigo ikakaa chini nyuma kila askari anajua kuna kitu, na springi ikikazwa hata kwenye kona gari haiyumbi. Wakamnyang'anya ushindi, dola 2,000 zikaenda kwa Jim Roper wa Kansas aliyekuwa na Lincoln. Mwenye Ford akaenda mahakamani, akashindwa.

Nakwambia hiki kisa nakipenda kwa sababu mambo yenyewe tunayaona kila siku. Juzi nilikuwa gereji moja Mabatini, dereva wa mchomoko (gari dogo la abiria) kaleta Probox yake inabeba magunia ya dagaa, fundi kachukua mpira mnene kaupaka sabuni, anaugonga na nyundo mpaka ukazama katikati ya mizunguko ya springi, kisha akapanda nyuma akarukaruka kupima kama inakaa. Dunaway angeielewa ile kazi bila kuambiwa neno.

Shikamoo mhariri. Mjukuu wangu anapenda hizo mbio, ananiuliza kama kuna mtu mweusi aliwahi kushindana enzi hizo, nami sina jibu. (Bibi, Nansio)

Marahaba, ingawa nadhani shikamoo ilitakiwa itoke kwangu. Mwambie mjukuu jina ni Wendell Scott, wa Danville, Virginia. Alikuwa fundi jeshini wakati wa vita kuu ya pili, akaendesha teksi, gongo nayo alibeba, akaanza mbio mwaka 1952. Hakuwa na kampuni ya kumlipia, gari alitengeneza mwenyewe, wanae ndio walikuwa wanashika spana. Tarehe 1 Desemba 1963 pale Jacksonville alishinda, aliwaacha wenzake mizunguko miwili, lakini wakampa kombe Buck Baker, mzungu. Baada ya saa kadhaa, watu wameshaondoka, ndio wakasema hesabu ilikosewa, mshindi ni Scott. Mimi siamini ilikuwa hesabu tu. Mtu kuwa mizunguko miwili mbele hakuonekani vipi? Alifariki 1990, na kombe rasmi familia yake ilikabidhiwa Agosti 2021. Bibi, hiki mweleze mjukuu chote, usimpunguzie.

Kaka, hivi viwanja vyao vya mwanzo vilikuwa vikubwa kiasi gani? Tunaweza kuwa navyo huku? (Dereva bodaboda, Kirumba)

Vingi vilikuwa vidogo kuliko unavyofikiria. Kule Winston-Salem, North Carolina, kuna uwanja unaitwa Bowman Gray, mbio za NASCAR zilianza pale 1949, mzunguko mmoja ni kama mita 400 tu, unazunguka uwanja wa mpira wao wa Kimarekani. Yaani chukua uwanja wa mpira wa Kirumba penu, nyasi zibaki katikati, magari yazunguke pembeni yakigusana bampa, watu wamekaa jukwaani karibu kabisa wanaona mpaka uso wa dereva. Kwahiyo tatizo letu si eneo, nadhani gumu ni ukuta wa kuwakinga watazamaji, ambulensi, na mtu wa kukagua springi bila kumwogopa mwenye gari. Bowman Gray wenyewe mpaka leo wanakimbia Jumamosi usiku msimu wa joto.