Mguu Unaowahi Pigo

SWALI: Mimi na mke wangu tumejiunga na darasa la dansi la Jumamosi hapa Kisumu, nasi tunafundishwa hatua ya msingi ya cha-cha-cha. Nimecheza rumba ya Kongo tangu ujana wangu, kwa hivyo sikutarajia taabu yoyote. Lakini kila tunapoanza ninamkanyaga mwenzangu vidole, na mwalimu hunirudia akisema kwamba nimewahi. Nimewahi vipi, ilhali ninaufuata muziki? – Mzee wa Milimani, Kisumu.

JIBU: Mzee wetu, mwalimu amesema kweli, na kinachokuponza ni mazoea yako ya miaka mingi. Muziki wa cha-cha-cha huenda kwa mapigo manne manne, na mtu aliyezoea kujiachia ukumbini huondoka na pigo la kwanza kwa sababu ndilo linalosikika waziwazi. Katika mtindo wa mashindano, hatua ya kwenda mbele huangukia pigo la pili, na ndiyo sababu walimu huhesabu “mbili, tatu, nne-na-moja”.

Dawa ni kulipatia pigo la kwanza kazi yake. Likisikika, piga hatua fupi ya kando kwa mguu wa kulia, naye mkeo aende upande huohuo kwa mguu wake wa kushoto. Pigo la pili, peleka mguu wa kushoto mbele huku yeye akirudisha wa kulia nyuma. La tatu, rudisha uzito kwenye mguu wako wa kulia, ambao haukuondoka mahali pake. Kisha zifuate hatua tatu za kuelekea kushoto: kushoto, kulia ukiusogelea mwenzake, kushoto tena. Mbili za mwanzo hugawana pigo la nne nusu kwa nusu, na ya tatu huchukua pigo la kwanza zima. Nusu ya pili ni hiyohiyo kinyume: wewe unarudi nyuma kwa mguu wa kulia, yeye anakuja mbele. Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Kuba aliyeuanzisha muziki huu mwanzoni mwa miaka ya 1950, anasemekana kuupa jina hilo kutokana na mkwaruzo wa hizo hatua tatu sakafuni.

Sasa vidole. Wanaume wengi hutanguliza mguu na kuacha kifua nyuma, hata mwanamke asipate habari yoyote mpaka kiatu kimemfikia. Mkono wako wa kulia uwe mgongoni mwake, juu ya mfupa bapa wa bega lake la kushoto, kifua kianze safari, mguu ukifuate, na hatua ziwe fupi kuliko unavyodhani, kwa kuwa muziki wenyewe hufikia mapigo 120 hivi kwa dakika. Nyonga usizihangaikie, goti likinyooka unapoukalia mguu, zitacheza zenyewe.

Mkifika kwenye dansi ambayo mwalimu ataiita rumba, usije ukafurahi mapema: hiyo si rumba ya Kongo unayoijua, na hatua yake ya mbele nayo husubiri pigo la pili.

Kwa majuma mawili haya, mwachie mama ahesabu kwa sauti, nawe usiende mbele mpaka umsikie akitamka “mbili”.