Kibaraza cha Mwalimu: Kopo, Sindano na Wifi Anayecheka

Shikamoo Mwalimu,

Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, darasa la kwanza, katika shule moja binafsi ya mtindo wa Waldorf, ule wa kufundisha sana kwa kazi za mikono, muziki na maigizo. Tangu Januari ameleta nyumbani filimbi, kibonge cha uzi na vijiti viwili alivyopiga msasa mwenyewe. Kusoma bado anaunganisha herufi kwa shida. Juzi wifi yangu alimkuta anafuma sebuleni, akacheka mpaka akakaa chini. "Ada yote hiyo, kumbe mnamsomesha ubibi!" Sasa shule inatuita wazazi Jumamosi tukatoboe makopo ya taa, maana Novemba watoto watatembea usiku na taa huku wakiimba. Mama mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp anasema hiyo ni ibada ya Kizungu. Sisi ni Waislamu. Mwalimu, nimelipia shule au nimejiunga na kikundi cha ngoma?

Mama Wawili, Segerea

Marahaba, Mama Wawili. Umejiunga na vyote viwili, na kosa la shule yako ni kutokukwambia hivyo siku ile ulipokuwa unajaza fomu.

Nianze na wifi, maana ndiye aliyekuuma zaidi. Mwambie siku moja apite Kariakoo ahesabu wanaume waliokaa nyuma ya cherehani, kisha ateremke Kunduchi awatazame wavuvi wakitia viraka nyavu zao, wazee wenye ndevu, sindano mkononi, uzi kwenye dole gumba la mguu. Hakuna anayewaita mabibi. Akishamaliza kucheka, mwanao amfundishe safu ya kwanza. Nina hakika ataangusha vitanzi.

Baada ya kustaafu serikalini niliitwa katika shule ya namna hiyo, nikafundisha kazi za mikono miaka minne. Siku ya kwanza nilikabidhiwa furushi la uzi wa sufu kutoka ng'ambo, mzuri, laini, wa rangi za matunda. Dar, Februari, watoto 22, feni moja. Ndani ya robo saa sufu ilikuwa imelowa jasho na inanuka kama beberu. Rangi za nta zilizosahauliwa kwenye gari la mzazi ziliyeyuka zikawa donge moja la kahawia. Nilirudi nyumbani nikijisemea hawa watu wameleta baridi ya Ulaya bila kuuliza hali ya hewa. Wiki iliyofuata nikanunua uzi wa pamba Kariakoo, nikaenda kwa maseremala wa Keko kuomba fito za mbao zilizobaki. Watoto wakazipiga msasa, wakachonga ncha, wakapaka mafuta ya nazi. Hapo ndipo darasa lilipoanza.

Hivyo vijiti viwili vya mwanao ndiyo sindano zake. Ameanza kwa kuzitengeneza, sasa anafuma, na huko katikati anajifunza hesabu bila kuambiwa kuwa ni hesabu. Amepanga vitanzi 12. Akifika mwisho wa safu akakuta 11, hakuna kalamu nyekundu iliyomwambia amekosa; anaona tundu kwenye kazi yake na anarudi nyuma kulitafuta. Nimefundisha kutoa kwa kutumia vizibo vya soda kwa miaka mingi, na sijaona mtoto akilitafuta kosa lake kwa bidii ile. Darasa la pili watafuma kwa sindano ya ndoano, na la tano kwa sindano nne, kufuma kwa mzunguko. Utaratibu wao unasema wafume soksi. Soksi, Dar es Salaam! Mimi niliwaachia wafume kofia.

Filimbi nayo ina sababu. Ile ya darasa la kwanza kwa kawaida ina sauti tano zilizochaguliwa hivi kwamba watoto 22 wakipuliza kila mmoja lake, hazigombani. Ukiwasikiliza Wagogo wakiimba na zeze na marimba yao, utasikia ufundi wa jirani na huo: sauti chache, watu wengi. Kwa hiyo mtoto akipuliza jioni nzima mvumilie, au mtoe barazani.

Kuhusu kusoma, siwatetei kichwa kichwa. Shule hizi huchelewesha kusoma kwa makusudi. Kila asubuhi wana somo kuu linalochukua muda wa saa mbili hivi, jambo moja kwa wiki tatu au nne, wanasimuliwa, wanachora, wanaandika madaftari yao wenyewe badala ya kusomea kitabu cha kiada. Ni mpango, si uzembe. Lakini mpango wenye mwalimu hodari na mpango wenye mwalimu mvivu vinafanana sana ukivitazama kutoka getini. Kama darasa la pili litakwisha na mwanao hawezi kusoma "Gongo la Mboto" kwenye kibao cha daladala, nenda ukakae na mwalimu wa darasa, umwombe akuonyeshe daftari la mtoto ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu anayejua kazi yake atafurahi. Akianza kukueleza habari za roho na nyota, mrudishe taratibu kwenye daftari.

Nataja roho kwa sababu ni haki yako kujua. Shule ya kwanza ya mtindo huu ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919. Mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, Emil Molt, alitaka shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake, akamwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aiongoze. Jina la Waldorf limetoka kwenye sigara, jambo ambalo wazazi wa Mbezi na Masaki huwa hawalitangazi. Steiner alikuwa na mafundisho yake ya kiroho, na mengi ya wanayofanya shuleni yametokana nayo. Watoto hawafundishwi mafundisho hayo kama somo, ila walimu wengi huyasoma. Uliza. Swali la mzazi si matusi.

Sasa taa. Huko yalikotoka, matembezi haya yanafanyika tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, yule askari anayesimuliwa kwamba alikata vazi lake nusu akampa maskini aliyekuwa anaganda kwa baridi. Ujerumani wakati huo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, giza linakuja na watoto bado wana nguvu, na kutembea na taa kuna maana. Kwetu jua linazama baada ya saa kumi na mbili, kuna mvua za vuli, na anayeganda kwa baridi hayupo. Kwa hiyo usiulize kama ni ibada. Uliza wataimba nini na watasimulia hadithi gani. Omba maneno ya nyimbo, uyasome na baba watoto. Shule niliyokuwepo mimi ilisimulia habari ya mtu anayegawana alichonacho na jirani, bila kumtaja mtakatifu, na watoto wa Kiislamu, Kikristo na Kihindu walitembea pamoja. Ukikuta maneno hayakukalii vizuri, mwambie mwalimu mapema mwanao atabeba taa bila kuimba wimbo fulani. Sijaona shule ya aina hii ikikataa hilo. Na kutembea usiku kwa nyimbo si ugeni hapa: kuna zefe za maulidi, na Wazaramo wana mdundiko wao unaozunguka mtaa kwa mtaa. Utotoni tulionywa tusiufuate, maana unaanza Buguruni ukicheza, unashtuka hujui uko wapi na kwenu hawajui pia.

Mwaka wangu wa pili kulikuwa na baba mmoja, dereva wa bajaji, mwanaye anasoma kwa ada iliyopunguzwa. Alikuja Jumamosi ya makopo akakaa pembeni, maana wenzake walikuwa wanazungumzia safari za likizo. Alipomaliza makopo yake akageuza ndoo tupu ya rangi, akaanza kuipiga kwa vidole tu. Kumbe amekulia kwenye ngoma. Mama mmoja wa benki akaacha nyundo. Novemba ile watoto walitembea nyuma ya ngoma halisi, na mwaka uliofuata yule baba ndiye aliyepanga njia, saa na nani anashika mkono wa nani. Walimu wakabaki kubeba maji ya kunywa.

Nenda Jumamosi, basi. Vaa dera usilolipenda.

Mwalimu,

Binti yangu yuko darasa la sita, shule kama hizo. Wamemaliza mwezi mzima wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na amepewa nafasi ya mzee mlevi. Tunakaa Kigamboni, anarudi saa mbili usiku. Mwakani kuna mtihani wa darasa la saba. Nimkatishe?

Baba Salma

Usimkatishe wiki mbili kabla ya onyesho, baba. Darasa zima limepanga maneno yao kumzunguka mlevi huyo. Ukimtoa, umewatoa na wenzake. Mchezo wa darasa katika shule hizi si wa wenye vipaji peke yao: kila mtoto ana nafasi, wao ndio wanaopaka mandhari, wanaoshona mavazi, wanaosogeza taa. Na nafasi huwa inatolewa kwa makusudi. Nakisia Salma wako ni mpole anayeongea kwa kunong'ona.

Saa mbili usiku ni suala jingine kabisa, na hapo nakuunga mkono kwa sauti. Mtoto wa kupanda kivuko hawezi kupangiwa mazoezi sawa na mtoto wa nyumba ya tatu kutoka shuleni. Mwandikie mwalimu wa darasa: sehemu za Salma zifanywe mwanzo wa mazoezi, aondoke saa kumi. Kama shule imesajiliwa kwa mtaala wa Tanzania, Septemba ya mwakani atakaa kwenye mtihani kama mtoto yeyote wa Temeke, na haki ya kuuliza ratiba ya maandalizi unayo sasa hivi. Omba waiandike. Ya mdomo husahaulika.

Mwalimu,

Nimepewa makopo sita ya maziwa nitoboe nyota za taa. Kila nikigonga msumari kopo linabonyea ndani. Nimeharibu manne. Mke wangu ananicheka.

Fundi Bandia, Mbagala

Jaza kopo maji robo tatu, si mpaka juu, kisha liweke kwenye friza usiku kucha. Kama huna friza, jirani anayeuza barafu hatakunyima nafasi. Barafu ikiwa ngumu, chora nyota kwa kalamu ya wino, lilaze kopo juu ya taulo kuukuu lisiteleze, gonga kwa msumari wa inchi mbili. Halibonyei. Fanya haraka kabla barafu haijayeyuka, kisha pitisha msasa ndani, kwenye ncha za matundu, watoto wasijikate. Chini weka mchanga vidole viwili ndipo usimamishe mshumaa. Mshikio uwe wa waya wa kufungia nondo, mrefu kuliko unavyodhani, maana kopo linapata moto. Yale manne usitupe. Yapeleke shuleni Jumamosi, watoto wa chekechea watayapanda mchicha.