Uzi Wote Huu wa Nini?

Binti yangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa nacheka peke yangu. Umeandika: "Baba, nimehesabu madonge 118 ya uzi kwenye kabati la chumba changu cha zamani. Utayafuma lini yote hayo? Na si ungenunua tu sweta, yakaisha?" Naona ulihesabu kwelikweli, maana hata mimi mwenyewe sikuwa na idadi. Ila kuna boksi chini ya kitanda ambalo hukulifikia. Nitalirudia.

Nianze na hesabu kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Madonge yangu mengi ni ya gramu 50. Sweta la mtu mzima, kwa uzi wa unene wa kati, hula madonge kumi hadi kumi na mawili. Kwa hiyo ulichokiona kabatini ni masweta kumi tu, na mimi kwa mwaka nafuma matatu macho yakiniruhusu. Miaka mitatu na ushee kazi imekwisha. Kasoro ya hesabu hiyo unaijua: inadhani nitaacha kununua.

Halafu madonge hayo hayakai kumi kumi. Ukichungulia vizuri utakuta mawili ya hivi, matatu ya vile, na nusu donge lililofungwa kwa mpira. Chanzo ni kile kinamba kidogo kwenye lebo, chini ya jina la rangi. Kinataja mkupuo, yaani uzi ulitiwa rangi pamoja na upi. Madonge mawili yanaweza kuitwa bluu ileile na dukani ukaapa ni mapacha, lakini kama yametoka mikupuo tofauti, ukishafuma utaona mstari umekatiza mkono wa sweta kama alama ya maji ukutani. Kwa hiyo mfumaji aliyewahi kuumwa hununua donge moja au mawili ya ziada, yote ya namba moja. Sweta likiisha, ya ziada yanabaki. Zidisha kwa miaka ishirini na kitu. Nusu ya kabati ni hapo tu, naomba iniondolee nusu ya kesi.

Nusu iliyobaki ndiyo ya kujieleza, na inabidi nirudi kwenye zamu za usiku. Unakumbuka nilikuwa naondoka jioni na kurudi wewe ukitoka kwenda shule. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya geji za pampu za maji, kila nusu saa naandika namba kwenye daftari, na kati ya namba na namba hakuna kitu isipokuwa usingizi. Mzee mmoja tuliyekuwa naye zamu alikuwa anafuma. Nilikuwa sijaona mwanamume anafuma, nikamtania usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu nilisinzia, yeye hakusinzia. Wa nne nikamwomba anifundishe.

Sindano za ziada hakuwa nazo. Alikata njiti mbili za baiskeli, akazisugua ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka zikaacha kuchoma, akanikabidhi. Njiti ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, ni sindano ya kufumia soksi nyembamba. Na uzi alionipa ulikuwa mnene wa blanketi. Kitu changu cha kwanza kilisimama chenyewe mezani kama kipande cha ubao. Mzee alikigeuza, akakigonga kwa kidole, akasema, "Kizuri. Utawekea sufuria."

Alichonifundisha usiku ule ndicho ninachotumia mpaka leo. Kuna kitanzi cha mbele, ambacho uso wake ni kama herufi V, na kuna kitanzi cha nyuma, chenye kinundu. Na hivyo viwili ni kimoja: ukigeuza kitambaa, V inakuwa kinundu na kinundu kinakuwa V. Ile misuko inayopanda kifuani mwa sweta, yale masanduku na mbavu za mikononi, ni hivyo viwili vinapeana zamu, au vinavukana. Nilikaa naye miezi mingi kabla sijaamini kwamba hakunificha cha tatu.

Sasa lile sweta lako la kijivu. Ulikuwa kidato cha pili, na sidhani kama unakumbuka. Maelekezo yalitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Mtu mwenye akili, kabla ya kuanza, hufuma kwanza kipande cha kujaribia, akakifua, akakikausha, akakipima ajue mkono wake unafuma vingapi. Mimi nilikwishajiona fundi. Nikaanzisha vitanzi 198 nikitegemea kifua cha sentimita 90. Kumbe mkono wangu umelegea, nafuma 18. Vimepungua vinne tu, na sweta likatoka sentimita 110. Nilifuma miezi miwili, zaidi ya vitanzi 33,000 kwenye kiwiliwili peke yake, na muda wote huo nilikuwa naliona linapanuka magotini pangu. Nikajiambia likifuliwa litajirudi. Kila mfumaji amewahi kujiambia hivyo.

Ulilivaa asubuhi moja. Ukaniambia asante baba, linapendeza. Nilisimama dirishani nikakuona unalivua kabla hujakata kona.

Sikukulaumu wakati ule wala sasa, ungeweza kuingia na mwenzako humo ndani. Jumapili yake nikalifumua. Nilitafuta shingoni mahali nilipofungia, nikakata kifundo, nikavuta. Uzi ukaanza kutoka, mstari mmoja kwenda kulia, unaofuata kushoto, kwa sauti ndogo ya tik-tik-tik kila kitanzi kikiachia cha chini yake. Jioni moja, miezi miwili ikarudi kuwa uzi. Ulitoka umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa msuko, na wala si ajabu, kwa sababu sufu na nywele ni kitu kimoja, zote ni keratini, ile protini ya kucha. Zikikaa zimebanwa zinashika umbo, zikilowa maji zinaliachia. Nikauosha kwa maji ya vuguvugu, nikautundika kwenye waya na chupa ya maji ikining'inia chini yake. Kesho yake ulikuwa umenyooka, gramu zilezile, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kukosea vitanzi vinne.

Hapo ndipo uzi uliponinasa, mwanangu. Mimi nimefanya kazi ya chuma maisha yangu yote. Bomba ukilikata fupi, limekatika, na mkubwa wako anataka kujua nani alishika msumeno. Seremala akikosea ubao anapata kuni. Fundi cherehani akikosea na mkasi anaomba msamaha kwa mwenye kitambaa. Kwenye uzi nilikosea kosa la miezi miwili na nikarudishiwa kila kitu isipokuwa muda, na hata muda wenyewe nilikwishautumia kukaa macho. Lugha yetu nayo ilikwishaona: fuma, fumua, sauti moja tu katikati.

Basi nilipoanza kununua uzi bila shabaha, nilikuwa nanunua hali ile. Donge lililokaa kabatini linaweza bado kuwa kofia au soksi za mtoto ambaye hajazaliwa. Nikilifuma linakuwa kimoja tu. Nakubali huu ni utetezi wa mtu aliyeshikwa na risiti mkononi. Mama yako anasema nina duka lisilouza.

Na mikono nayo ina yake. Merino ni sufu ya aina moja ya kondoo, laini kiasi kwamba unaweza kuivaa shingoni bila kujikuna, na ukiivuta inarudi kama ina spring, kwa vile kila unywele wake una mawimbi. Sufu hufyonza unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, ndiyo maana ikipigwa na manyunyu bado inakupa joto. Alpaka, sufu ya mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia, ina joto lakini haina ile spring. Gauni la alpaka ulilolipima leo, mwakani linafagia sakafu. Pamba haina mzaha: kila kitanzi kisicholingana unakiona, na vidole vinachoka. Akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, inadharauliwa sana na wenye maringo, mimi siidharau, ni uzi wa kufumia watoto wachanga ambao mama zao hawana muda wa kufua kwa mkono. Usiipige tu pasi ya moto, itanyong'onyea na haitarudi tena. Halafu kuna kichekesho kinachonifurahisha kila mwaka: mbuzi wa Angora hatoi uzi wa angora. Yeye anatoa moheri. Angora inatoka kwa sungura.

Moheri ninayo moja, donge la zambarau, rafu ya juu kabisa nyuma. Ina vinyweleo virefu vinavyoshika mwanga, ukilielekeza dirishani unaona kama lina moshi. Hilo sitalifuma. Nakuambia wazi ili usiniulize tena. Halitoshi hata skafu, na moheri ukiikosea haifumuki vizuri, vinyweleo vinang'ang'aniana. Nalitoa mara mojamoja, nalishika, nalirudisha.

Kuhusu kununua sweta: ukitaka sweta tu, umechelewa kunishauri. William Lee, Mwingereza, alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na tangu siku hiyo sababu ya kukaa na sindano mbili imekuwa ikipungua. Soksi za zamani za kufumwa hivi zilizopatikana Misri, za pamba ya bluu na nyeupe, zinakadiriwa kuwa za kati ya karne ya 11 na ya 14. Waliozifuma walihitaji soksi. Mimi soksi ninazo. Najua pia ulikuwa unaona haya rafiki zako wakinikuta na sindano sebuleni. Ningekuwa najua, ningekusimulia habari za kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca kule Peru, ambako kufuma kwa sindano ni kazi ya wanaume na wavulana hufundishwa wakiwa wadogo. UNESCO imeuweka ufumaji wao kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Ungewaambia baba yako ni urithi.

Jambo moja la lazima, kabla sijasahau. Ukija tena na ukaona kipepeo kidogo cha rangi ya dhahabu kabatini, usimpige ukadhani umemaliza. Nondo mzima hali kitu. Anayekula sufu ni kiwavi wake, na huyo yumo ndani ya donge. Tia uzi kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza wiki mbili. Mama yako atalalamika kuhusu nafasi. Mwambie ni mimi nilisema.

Sasa lile boksi la chini ya kitanda. Ndani kuna foronya, na ndani ya foronya kuna uzi wa kijivu, gramu 500 na kitu. Ndio huohuo. Umekaa humo tangu kidato chako cha pili kwa sababu kila nilipoushika nilikuona kwenye kona ile. Mwezi uliopita nimefuma kipande cha kujaribia. Nimekifua, nimekikausha, nimekipima mara mbili, nimepata vitanzi 20 kwa sentimita 10, na safari hii nitafuata mkono wangu unavyosema.

Kwa hiyo naomba vipimo. Chukua tepu ya fundi, zungusha kifuani chini ya kwapa mahali palipo papana, usiibane. Kisha kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umenyooka. Kisha kutoka begani mpaka unapotaka sweta liishie. Usinitajie saizi ya dukani. Na kama hulitaki, niandikie hulitaki, nitafuma kitu kingine. Nisikuone tu unalivulia kwenye kona.

Baba yako

N.B. Nilipomaliza barua hii nilikwenda kulichukua lile donge la zambarau nilitazame kidogo. Nimehesabu kabati zima mara mbili. Madonge yamo 117.