Toharani na daftari la zaka

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Kibosho tu wazima.

Unasema mama mkwe wako wa Machame anakubana kwamba toharani haimo kwenye Biblia, nawe hujui umjibu nini. Mwambie asome Makabayo wa Pili, sura ya 12. Atasema Walutheri kitabu hicho hawanacho, na ni kweli, basi hapo hamtafika mbali. Ila wewe kisome. Askari wa Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, walikufa vitani, maiti zao zikakutwa na hirizi za miungu ya Yamnia ndani ya nguo. Hirizi! Yuda hakuwatupa. Alichangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Kanisa nalo linafundisha kwamba aliyekufa katika neema ya Mungu, lakini hajatakasika sawasawa, husafishwa kwanza, ndiyo toharani hiyo, na sala zetu humfaa.

Mimi nikifika kwenye zile hirizi namkumbuka babu yako. Wewe ulikuwa bwenini, ulisimuliwa tu. Jeneza liko pale kihambani, shambani kwetu nyumbani, shimo limeshachimbwa, na mwenyekiti wa jumuiya analamba kidole, anafunua daftari. Jina la babu, halafu mistari mitupu. Zaka hakuna, jumuiya haonekani. Mtu mguu umeoza kwa kisukari, angeonekanaje? Barua haikuandikwa, na bila barua ya jumuiya padri haji. Tukamzika kwa rozari.

Mungu si karani. Nilisema siku ile mbele ya watu, na bado nasema. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa inataja wanaonyimwa maziko: walioasi imani, wazushi, wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangekuwa kashfa kwa waamini. Zaka haimo.

Shangazi yako anasema mwenyekiti alifuata utaratibu tu. Haya, labda. Paa la kanisa halijiezeki, na hata Yuda alichangisha. Lakini alichangisha kwa walio hai, hakumdai maiti! Mungu si karani.

Usiniulize kama yule mwenyekiti alikosea. Jibu ninalo, ila silitii kwenye karatasi, maana naye ameshatangulia, na alizikwa kwa misa. Kwenye bahasha ya nia za marehemu babu ni wa kwanza. Huyo mwingine namwandika wa mwisho kabisa, tena baada ya shangazi yako kunikazia macho.

Misa ya marehemu ni Novemba 2, asubuhi. Njoo na mama mkwe wako kama atapenda; chai atainywa hapa.

Mama yako