Maswali ya wasomaji: Kumwita koyote

SWALI: Ndugu wahariri, nafanya kazi kiwanda cha nyama hapa Amarillo, Texas, na nina kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu). Mzee mmoja mwenye ranchi ya kondoo ameniruhusu nikawinde koyote, mnyama wa huku anayefanana na bweha, kwake. Kwetu Kigoma nilizoea kusikia bweha usiku, ila sijawahi kuwinda. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na karatasi. Texas haina msimu wa koyote. Anawindwa mwaka mzima na hakuna kikomo cha idadi. Hata hivyo unahitaji leseni ya uwindaji ya jimbo, na leseni ya kawaida ya mwaka huisha 31 Agosti. Aliyezaliwa 2 Septemba 1971 au baada ya hapo anatakiwa pia kuwa na cheti cha mafunzo ya wawindaji, ambayo mtu mzima anaweza kuyasoma mtandaoni. Utaambiwa kwamba anayelinda mifugo hahitaji leseni. Ni kweli, lakini msamaha huo unahusu koyote aliyeshambulia mifugo au anayekaribia kuishambulia, si mtu aliyekwenda kumwita kwa filimbi inayoiga kilio cha windo Jumamosi asubuhi. Kata leseni.

Kwa kadi ya kijani sheria ya shirikisho haikuzuii kumiliki bunduki, ili mradi huna kikwazo kingine kama hukumu ya kosa kubwa la jinai. Ndugu walio na viza ya muda, kwa mfano ya masomo, kwa kawaida wamekatazwa hata kushika bunduki au risasi. Misamaha ipo, leseni halali ya uwindaji ikiwa mojawapo, lakini waonane kwanza na mwanasheria wa uhamiaji.

Ruhusa ya mzee iwe ya maandishi. Mwombe akuonyeshe mipaka, mageti, nyumba za majirani na mahali kondoo wanapolala. Muulize pia kama ana mbwa walinzi. Ranchi nyingi za kondoo zina mbwa wakubwa weupe wanaoishi na kundi usiku na mchana, na mbwa hao huja kwenye sauti ya filimbi kama koyote anavyokuja. Usiketi karibu na kundi lao.

SWALI: Ninunue filimbi ya mdomo au spika ya betri?

JIBU: Filimbi ya mdomo, ile ambayo ulimi wake, yaani kipande chembamba kinachotetema, umefungwa ndani ya bomba. Haihitaji ufundi mwingi: ukipuliza tu, inatoa kilio cha sungura aliyekamatwa. Pumzi itoke tumboni, kwa vipande vifupi, sauti ianze juu na kushuka, huku kiganja kikifunguka na kufumba mbele ya tundu. Piga kama mnyama anayeumia na kuishiwa nguvu. Ukipuliza kwa nguvu mno ulimi unakwama na sauti inakatika. Mate yakijaa, igeuze uipulize kinyumenyume. Asubuhi za baridi kali mate huganda humo ndani, kwa hiyo beba mbili, moja ikae ndani ya koti karibu na mwili.

Filimbi ya ulimi wa wazi hutoa hadi mlio wa koyote mwenyewe, lakini inataka mazoezi ya meno na midomo. Ifuate baadaye. Spika ina faida moja kubwa: koyote anaitazama yenyewe, hakutazami wewe. Ukiipata, iweke meta 30 hadi 40 kutoka ulipoketi.

SWALI: Naita nusu saa nzima sioni kitu, kisha nikiondoka nakuta nyayo mbichi nyuma yangu. Nakosea wapi? (Msomaji, Lubbock)

JIBU: Koyote alikuja, akazunguka hadi upande ambao upepo unaelekea ukitoka kwako, akakunusa, akaondoka. Hivyo ndivyo anavyokikaribia karibu kila kilio asichokiona chanzo chake. Wanaoanza huhangaika na sauti, wakati mara nyingi kinachowaharibia ni mahali walipochagua kuketi.

Kabla ya kuondoka nyumbani angalia upepo. Gari liache mbali, meta 400 au zaidi, nyuma ya kilima au miti, na mlango usiubamize. Tembea bondeni; ukipita juu ya kilima umbo lako linaonekana dhidi ya anga. Keti upepo ukikupiga usoni au ukipita ubavuni. Ubavuni ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kuona uwanja ambao koyote ataupitia akitafuta harufu. Uwanja huo uwe wazi. Ukiwa na kichaka kizito, atapita humo na utaachiwa nyayo tena. Jua liwe mgongoni, nawe uketi kivulini mbele ya kichaka, si nyuma yake. Bunduki ikae tayari juu ya vijiti vya kuegemea kabla ya sauti ya kwanza, kwa sababu mkono unaosogea ndio anaouona mapema kuliko vyote.

Piga sauti ndogo kwanza, sekunde 30 hivi. Huenda yupo meta 100 tu, na ukelele utamtimua. Nyamaza dakika mbili, ukichungulia kwa macho, si kwa kichwa. Kisha ongeza sauti, na urudie. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Inuka polepole, kwani wengine hufika mwishoni. Kituo kinachofuata kiwe angalau kilometa moja mbele, na pale ulipoita usiparudie kila wiki: koyote aliyekunusa mara moja huikumbuka sauti ile ile.

Msimu mzuri kwa mwanafunzi ni Septemba hadi Novemba, watoto wa mwaka huo wanapojitegemea bila uzoefu. Aprili na Mei majike wana watoto shimoni, na sisi hatumshauri mtu anayewinda kwa kujifunza aende wakati huo.

SWALI: Bunduki gani inafaa?

JIBU: Ya risasi .223 inatosha. Irekebishe igonge sentimita 4 juu ya alama kwa yadi 100. Kwa yadi 200 itagonga karibu pale unapolenga. Penye vichaka, ya marisau, geji 12, ni nzuri hadi meta 35. Akija mbio, bweka “wuf!” kwa mdomo, wengi husimama kidogo. Usifyatue akiwa juu ya kilima bila udongo nyuma yake. Vaa glavu unapomshika, kwani wengi wana viroboto na upele.

Kwa wasomaji wa New Mexico na Arizona: huko yupo mbwa mwitu wa Meksiko, anayelindwa na sheria ya shirikisho. Ana uzito wa kilo 23 hadi 36, pua pana na miguu mirefu. Koyote wa huko mara nyingi hafiki kilo 16, pua yake ni nyembamba na masikio yake ni makubwa kwa kichwa chake. Baadhi ya mbwa mwitu hao wamevishwa kola za redio, lakini si wote, kwa hiyo kukosekana kwa kola hakuthibitishi kwamba ni koyote.