Re: Kwa nini kano mpya isitengenezwe tu maabara?
Pole sana kwa mjomba, kaka. Umeuliza kwa nini kano ya kisigino (ule ukamba unaounganisha msuli na mfupa) iliyomkatikia bandarini isitengenezwe nyingine maabara. Sisi wa Tanga tuitazame kama kamba ya mkonge: nyuzi nyembamba za kolajeni (protini imara ya mwili), fungu ndani ya fungu, zote zimelala upande wa mvuto. Kwa hadubini utaona zina mawimbi madogo. Msuli ukivuta, mawimbi hunyooka kwanza, ndipo nyuzi zenyewe hubeba uzito. Seli ni chache, zimejipanga safusafu, na damu inayofika ni kidogo. Ndiyo maana kupona huchukua miezi, na kovu hubaki na nyuzi zilizovurugika.

Basi watafiti wanaojaribu kuitengeneza maabara huanza na kiunzi, yaani fremu ya kushikilia seli, cha nyuzi zilizolala upande mmoja, hupanda seli, kisha hukivuta na kukiachia tena na tena, maana seli zisipovutwa hazipangi kolajeni sawasawa. Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni pale kano inapoingia mfupani: ulaini hugeuka ugumu hatua kwa hatua ndani ya kama milimita moja tu.

Mjomba asisubiri hiyo. Amwone daktari wa mifupa mapema, ashonwe au afungwe plasta, na mazoezi ya fiziotherapia asiyakatishe.