Kichocho kulegeza miguu na kuzuia mkojo

Ndiyo, kichocho kinaweza kulegeza miguu na kuzuia mkojo kwa pamoja, ingawa ni nadra. Kichocho cha huku Ziwa Victoria hasa ni Schistosoma mansoni, kile cha matumbo. Mayai ya minyoo yake yakipotea njia hadi sehemu ya chini ya uti wa mgongo, neva za kibofu na miguu hushikwa. Nimeuguza mvuvi wa hapa Kisumu hivyo: tulimwekea mpira wa kutoa mkojo, mfuko ukajaa, lakini miguu bado kama si yake. Choo kilipimwa, hakuna yai hata moja (kipimo safi kisiwadanganye). MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ndiyo iliyoonyesha uvimbe kwenye uti wa mgongo. Dawa ni prazikwanteli ya kuua minyoo pamoja na steroidi ya kushusha uvimbe, tena mapema. Ila makalio yakifa ganzi, kimbia hospitali leo hii, huenda si kichocho bali ni diski (kile kisahani laini kati ya pingili za mgongo) imebana neva.